Sauti ya Mama Kwenye Mashine ya Baba

Mwezi uliopita nilisimama kwenye kibanda cha fundi simu karibu na stendi ya Bagamoyo, nikisubiri tundu la chaji la simu yangu libadilishwe. Fundi akagusisha chuma cha moto kwenye uzi wa risasi ya kulehemu, moshi mweupe mwembamba ukapanda, na harufu ikanifikia kabla sijajiandaa: utomvu unaoungua, mtamu kidogo, mkali kidogo, unaokaa kooni. Macho yakanijaa maji. Fundi akaniomba radhi akidhani ni moshi, nikamwacha adhani hivyo. Baba yangu alinukia vile miaka yote niliyomfahamu, kwenye kanzu ya Ijumaa na kwenye mito ya kulalia, na sasa ana mwaka wa pili kaburini.

Watu wa rika langu watawakumbuka mafundi wa namna yake. Nyumba yetu ya Nianjema ilikuwa na chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, na humo ndimo baba alimoshinda, amezungukwa na redio zilizovuliwa migongo, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Sikuruhusiwa kugusa chochote isipokuwa kopo la maziwa lililojaa skrubu, ambalo nilipewa nizipange kwa ukubwa pale nilipozidi kusumbua. Watu walimwita Fundi Shomari. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, mtu wa kusema jambo mara moja na asirudie.

Kitu alichokipenda kuliko vyote mle ndani hakikuwa cha mteja. Ilikuwa amplifaya, mashine ya kukuza sauti, aliyoiunda mwenyewe, ndani ya sanduku la mbao lililopakwa rangi ya kijani. Nyuma ya sanduku palikuwa na bati nene la aluminiamu lenye mapezi kama ya samaki, la kupozea joto, na juu ya bati hilo zilifungwa transista mbili kubwa za chuma, za mviringo, ambazo mimi niliziita kofia. Mtaani kwetu mashine hiyo ilitumika kwenye harusi, kwenye maulidi na kwenye misiba. Baba akiishughulikia alikuwa akizungumza nayo chini chini. Na sisi hakuwa na mazungumzo mengi hivyo.

Mambo yalianzia Fukayosi. Binamu yake baba alikuwa anaozesha binti, na mashine ikapelekwa huko nyuma ya pikapu, njia nzima mashimo matupu. Mimi na mama tulikuwapo. Ilikuwa mchana, jua la utosi, watu wamejaa chini ya turubai. Katikati ya nasaha kwa bwana harusi amplifaya ikatoa mngurumo, ikafuata harufu ya kuungua, kisha moshi. Kofia zote mbili zilikufa kwa pamoja. Nasaha zikaendelea kwa mdomo mtupu, na waliokaa nyuma hawakuambulia kitu. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mashine ya kuunda nyumbani hiyo, mlitaka ifanye nini?" Baba alilifunga sanduku kwa khanga ya mama, akalipakata mapajani mpaka tukafika nyumbani.

Alipata transista nyingine, akazifunga. Ila safari hii alikuwa na woga. Nilikuwa sakafuni na kopo langu la skrubu, nikamsikia akimweleza mama. Zile transista za mwisho, alisema, hupewa umeme mdogo wa kuziweka macho hata wakati hakuna anayezungumza. Mafundi wanauita bayasi. Ukizidi, transista zinapata joto, joto linavuta umeme zaidi, umeme unaongeza joto, mpaka zinaungua, na ndicho kilichotokea Fukayosi.

"Sasa nimeupunguza mpaka mwisho," alisema. "Zimelala. Ziko baridi kama mtungi. Haziungui tena hizi."

Akasogeza maiki mdomoni, akanguruma, "Alo! Alo! Moja, mbili!" Jirani mmoja akaitikia kutoka barabarani. Akatia kaseti, akafungulia mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Safi kabisa.

"Hongera, Baba Zena," mama akasema. Zena ndiye mimi.

Mama yangu alikuwa mtoaji wa kasida kwenye kikundi cha wanawake cha madrasa ya Bi Kibibi. Mtoaji ndiye anayeimba ubeti peke yake, kisha wenzake humwitikia kwa pamoja na madufu yao. Sauti ya mama ilikuwa ndogo. Haikuwa dhaifu, ilikuwa ndogo tu, na alipoanza ubeti watu waliacha mazungumzo ili waipate. Bi Kibibi, aliyekuwa mwalimu wetu sote, mama na mimi, alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya uwanja, lakini yeye mwenyewe alikuwa akisema kasida haitolewi kwa kelele.

Kila Alhamisi baada ya alasiri mama alikwenda mazoezini, na mimi nikaachwa kwa jirani kwa sababu sikutulia. Nilizichukia Alhamisi. Bi Kibibi alikuwa ametufundisha kwamba dua ya mtoto hupokelewa upesi, kwa kuwa mtoto hana dhambi. Basi Alhamisi moja, nimekaa kwenye jamvi la jirani na uji uliopoa, niliinua mikono nikamwomba Mungu mama asiende tena kuimba. Nilisema kwa maneno hayo hayo. Nikajipangusa uso kama tulivyofundishwa, nikaona kazi imekwisha.

Maulidi ya wanawake mwaka ule yalichelewa, yakasomwa miezi mitatu kabla ya Ramadhani, mchana, kwenye uwanja wa madrasa. Baba, kwa kuwa ni mwanamume, alikaa na mashine yake nyuma ya ukuta wa makuti. Mimi nilikuwa mbele na watoto wenzangu, nimevaa ushungi mpya unaowasha shingoni. Udi ulikuwa unafuka, maua ya asumini yamefungwa kwenye nywele za wakubwa. Bi Kibibi akafungua kwa salamu na dua, sauti yake ikatoka kwenye spika za pembe bila doa. Kisha mama akapewa maiki.

Sauti iliyotoka haikuwa yake. Umewahi kuweka karatasi kwenye kitana ukaimbia hapo? Ilikwaruza namna hiyo, na mwisho wa kila mstari, pale alipozoea kuipunguza mpaka ibaki uzi, ilikatikakatika ikapotea kabisa. Mama akasita. Akakohoa, akaanza upya. Ikawa vilevile. Nyuma ya ukuta baba akaongeza sauti, spika zikapiga mluzi, akapunguza haraka. Wanawake wakaanza kutazamana.

"Koo limekwisha, masikini," alisema mmoja nyuma yangu.

"Jicho hilo," mwenzake akajibu. "Kila mahali walikuwa wakimsifu yeye tu."

Bi Kibibi akaichukua maiki taratibu kutoka mkononi mwa mama, akamalizia ubeti kwa sauti yake kubwa, na sauti hiyo ikatoka safi. Hapo watu hawakuhitaji ushahidi mwingine. Mashine ilikuwa nzima, aliyeharibika ni mama.

Baada ya kugawa halua Bi Kibibi alimfuata baba pale ukutani. Mama alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, ameshika mkono wangu.

"Shomari mwanangu, mashine haina kitu?"

"Shikamoo, Bi. Haina kitu. Umejisikia mwenyewe ulipozungumza."

"Marahaba. Kweli, nimejisikia."

Mama aliubana mkono wangu, kisha akauachia.

Nyumbani alitiwa dawa za kila namna. Asali na tangawizi, maji ya karafuu, chumvi ya kusukutua. Shangazi yangu alileta kombe, sahani iliyoandikwa aya kwa zafarani kisha ikaoshwa kwa maji, akanywa lote mpaka tone la mwisho. Koo halikuwa likimuuma. Nadhani hilo ndilo lililomtisha zaidi. Siku moja jikoni alijaribu mstari mmoja akiwa anakuna nazi. Kwangu mimi ulikuwa mzuri kama zamani, lakini yeye aliukata katikati, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hatua za mtu nje. Hakuyaamini tena masikio yake. Baada ya hapo hakujaribu. Alhamisi ilipofika alikaa nyumbani, na iliyofuata, na iliyofuata, na Bi Kibibi akampa mwanamke mwingine nafasi yake.

Nilikuwa nimepata nilichokiomba. Mama alikuwa nyumbani kila alasiri, akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nikimsemesha alijibu baada ya muda, kama maneno yangu yametoka mbali. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba mimi ndiye niliyemfanyia hivyo. Mtu mzima angefikiria koo, au jicho la hasidi, au mashine. Mimi nilijua, kwa sababu nilikumbuka jamvi la jirani na maneno yangu. Nilikosa usingizi wa mchana, nikaanza kukojoa kitandani tena, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Niliomba dua ya kuitengua ile ya kwanza. Niliomba mara nyingi, pale uani, mikono juu. Haikujibiwa. Nikaanza kufikiri kwamba labda haikusikika. Adhana, niliwaza, hupitia kwenye maiki, na watu wote hutii. Kwa hiyo kulikuwa na njia.

Nilingoja Ijumaa. Baba alikwenda msikitini, mama akaenda bombani. Nikaingia chumba cha mbele, nikabonyeza swichi nyekundu ya sanduku la kijani kama nilivyomwona baba akifanya, nikaichukua maiki kwa mikono miwili. Spika ya pembe ya kujaribia ilikuwa imetundikwa nje kwenye ukuta wa uani. Sikutaka majirani wasikie siri yangu, nilitaka asikie Mungu peke yake, kwa hiyo nilinong'ona.

"Ee Mwenyezi Mungu, mrudishie mama sauti yake. Ile dua ya mwanzo sikuitaka."

Kutoka uani nikasikia maneno yangu yakirudi. Yalikuwa yamechanika. Yalikwaruza na kukatikakatika vilevile kama ya mama siku ya maulidi. Nikaogopa. Niliona sasa nimepewa adhabu yake, na mimi nimenyang'anywa sauti.

Nilipogeuka, baba alikuwa mlangoni na kanzu yake nyeupe na msala mkononi. Sikujua amesimama hapo tangu lini. Nikaitupa maiki.

"Sikugusa kitu," nikasema.

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameelekeza sikio uani.

"Okota," akasema. "Sema tena. Vilevile ulivyosema."

Nikanong'ona huku nalia. Sauti ikakwaruza.

"Sasa sema kwa nguvu."

Nikapiga kelele. Kuku wa jirani wakatawanyika, na sauti ilikuwa safi, yangu kabisa.

"Polepole tena."

Ikakwaruza.

Baba akakaa pale pale kizingitini na kanzu yake, kwenye vumbi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla wala baadaye. Kisha akauliza, "Mama yako siku ile alisikika hivi?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilisikia mkwaruzo nikasema ni koo lake," alisema, nadhani kwa nafsi yake zaidi kuliko kwangu. "Niliipima mashine kwa sauti yangu mimi."

Hakuvua kanzu. Alilifungua sanduku, akalitazama kwa muda mrefu, kisha kwa mara ya kwanza maishani mwangu akanieleza kazi yake. Akainua viganja viwili. Transista hizi mbili, alisema, zinapokezana. Sauti ni mawimbi. Wimbi likipanda inafanya kazi hii, likishuka inafanya ile. Lakini hakuna inayoanza mpaka isukumwe kidogo, na msukumo huo ndio ule umeme mdogo alioukata kwa kuogopa moto. "Nimezilaza zote mbili. Sauti kubwa inazigonga, zinaamka. Sauti ndogo inafika hapa katikati, huyu keshaacha, huyu hajaamka. Inaanguka chini."

Nikamuuliza kama zikilala huwa zinaota. Akanitazama, akasema hapana.

Akiwa anachunguza ndani aligundua la pili. Palikuwa na dayodi ndogo, kidude kama punje ya mchele, ambayo kazi yake ni kugusa lile bati la mapezi na kuhisi joto, ili bayasi upungue wenyewe transista zinapopata moto. Ilikuwa inaning'inia hewani. Gundi ilikuwa imebanduka, pengine kwenye mashimo ya njia ya Fukayosi. Ndiyo sababu transista ziliungua siku ile: zilikuwa zinachemka na dayodi iko baridi, haina habari. Na yeye badala ya kuibandika alikuwa amekata umeme wote.

Aliibandika upya, akaifunga na kibati juu yake. Akachukua mita na bisibisi ndogo, akaongeza bayasi kidogo kidogo, akizungusha kiasi cha unywele mmoja, akiangalia mshale, akizungusha tena. Akaipeleka mashine uani, akaiweka juani kabisa na kaseti ikiimba kwa sauti kubwa, na kila baada ya muda akaenda kushika mapezi na kupima. Mshale ulipanda kidogo, kisha ukasimama. Tulikaa hapo mpaka alasiri. Halafu akazima kaseti, akanipa maiki, na mimi nikanong'ona jina langu. Lilitoka kwenye spika kama nilivyolisema.

Mama alikuwa amerudi zamani, yuko jikoni anaparua samaki. Baba akaenda akasimama mlangoni.

"Mwajuma." Alikuwa hamwiti jina lake mbele yangu. "Koo lako halina kitu. Ilikuwa mashine."

Mama hakuinua macho. Kisu kiliendelea, magamba yakiruka. "Nani amesema?"

"Nimeona mwenyewe. Ni kosa langu mimi."

"Miezi miwili," mama akasema. "Nimekunywa kombe. Nimekunywa karafuu mpaka ulimi umekufa ganzi. Siku ile Bi Kibibi alikuuliza na mimi nimesimama hapo. Ulisema mashine haina kitu. Hukusema ngoja nitazame."

"Sikusema."

"Ingekuwa redio ya mtu ungeifungua."

Mimi nikashindwa kuvumilia, nikasema siyo baba, ni mimi, nikaeleza yote, jamvi, uji na dua. Nilitegemea kupigwa. Mama aliacha kisu, akanishika kidevu kwa mkono unaonuka samaki.

"Ulitaka nikae na wewe?"

"Ndiyo."

"Mungu hachukui sauti ya mtu kwa sababu mtoto amenuna," akasema. Kisha, bila kuniachia, akamgeukia baba. "Kanisafishe kwa watu walewale. Kwa maiki ileile. Siyo kwa Bi Kibibi pembeni, kwa wote."

Kwa fundi wa mji mdogo halikuwa ombi dogo. Jina lake ndilo lililokuwa kazi yake, na Fukayosi haikuwa imesahauliwa. Nilimwona siku zilizofuata akishika bisibisi bila kuitumia.

Siku ya kufunga madrasa kabla ya Ramadhani wanawake walikusanyika tena uwanjani, mchana. Mama alinichukua, lakini mimi nilikwenda kukaa na baba nyuma ya makuti. Kabla ya kitu chochote aliwasha mashine, akasogeza maiki, na hakunguruma. Alizungumza chini, kama anavyozungumza mtu na mgeni wake.

"Asalaam aleikum. Mimi ni Shomari, fundi. Siku ya maulidi mashine hii ilikuwa mbovu na ubovu huo niliutia mimi. Sauti ya mke wangu haikuwa na kasoro. Niliulizwa nikasema mashine ni nzima, na sikuwa nimeitazama. Naomba radhi kwake na kwenu."

Upande wa pili Bi Kibibi akasema, bila maiki na akasikika kote, "Tumekusikia, Shomari." Wiki ile watu wawili walikuja kuchukua redio zao kabla hazijatengenezwa. Mmoja alirudisha yake baada ya muda, mwingine hakurudi. Baba hakuwahi kulizungumzia.

Mama akapewa maiki. Alikuwa amekubali kutoa kasida moja tu. Akaanza, na sauti ikapita kwenye transista zile mbili ikatoka ilivyo, ndogo, hata pale alipoipunguza mpaka mwisho wa mstari. Baba alikuwa amefumba macho. Katikati ya ubeti wa pili sauti ikapasuka.

Mkono wa baba ukaruka kwenye kitufe cha sauti. Akashika mapezi, yalikuwa na uvuguvugu tu. Akautazama mshale wa mita, ulikuwa palepale. Akanitazama mimi, mimi nikamtazama yeye, na nikaona anaelewa: safari hii haikuwa mashine, ilikuwa zaidi ya miezi miwili ya kunyamaza, koo lililosahau njia. Akaondoa mkono kwenye mashine, akauweka gotini.

Ng'ambo ya makuti mama akakohoa, kikohozi chake mwenyewe, kila mtu akakisikia. Hakuna aliyemnyang'anya maiki. Akarudi mwanzo wa ubeti, chini zaidi kuliko mara ya kwanza, na alipofika mwisho wake wenzake wakamwitikia.